Hivi kwa nini walezi wa fosta huku Marekani wanatafutwa kila siku halafu hawadumu?

Mama_Junior_wa_Tabora

Wakuu habari za wikiendi. Naombeni mawazo yenu kabla sijajaza fomu ya kuwa mlezi wa fosta, yaani kulea kwa muda mtoto aliye mikononi mwa serikali, maana nikishajaza sipendi kurudi nyuma.

Niko huku Midwest, nafanya kazi nyumba ya wazee shifti ya usiku, mzee wangu anaendesha lori, mtoto mkubwa ameshaenda chuo kwa hiyo chumba kimoja kiko tupu kinakusanya maboksi tu. Kanisani kwetu huwa anakuja mama mmoja wa ofisi ya watoto ya jimbo na vipeperushi vyake, anasema familia za fosta hazitoshi, kuna watoto wanalala ofisini kwenye magodoro ya upepo kwa sababu hakuna pa kuwapeleka, anaongea mpaka watu wanatoa leso. Mwaka uliofuata anakuja tena na maneno yaleyale, na waliojiandikisha mwaka uliopita siwaoni tena wakiwa na watoto.

Rafiki yangu mmoja alichukua leseni, akaacha hata mwaka haujaisha. Na hakugombana na mtoto jamani, mpaka leo akimtaja anafuta machozi. Anasema ofisi ndiyo iliyomchosha. Mtoto aliletwa saa tano usiku, nguo zake ziko kwenye mfuko mweusi wa taka, karatasi ya hospitali hakuna, kumbe mtoto ana pumu na hakuna aliyemwambia, kajua alfajiri mtoto anapovuta pumzi kama filimbi, ndio wanakimbizana emajensi. Kesiwoka, yule ofisa anayesimamia kesi ya mtoto, simu yake inaenda kwenye kurekodi tu, baadaye anaambiwa huyo ameacha kazi, akaja mwingine naye akaacha.

Swali langu kwa wanaojua hizi sera za majimbo: hivi wanajua kwamba watu wanakimbia? Kuna sheria yoyote inayomlinda mlezi au ni kutafutwa tu kwa maneno matamu halafu ukishaingia utajijua mwenyewe? Na je kuna Waswahili humu wamefanya hii kitu wakadumu?

---

Kisu_Butu

Mama mbona jibu liko wazi, hela. Waongeze hela uone kama hawajapanga foleni. Nchi tajiri hii inataka umlelee mtoto wake kwa posho ya kununulia pempasi. Wakikulipa vizuri utavumilia hata hizo simu zisizopokelewa.

---

Kesiwoka_Mstaafu

Dada Mama Junior salaam. Mimi mtu wa Mombasa, nimefanya kazi za ustawi wa watoto huku miaka mingi na sasa nimestaafu, kwa hiyo nasema bila kuogopa bosi. Hili jibu litakuwa refu, nivumilieni.

Wanajua. Wamejua zamani. Mwezi wa tano 2002 Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani ilitoa ripoti mbili kwa mpigo, moja ya kutafuta walezi wa fosta na nyingine ya kuwabakisha. Ile ya kwanza ilisema majimbo yanatangaza kwa kila mtu, wakati watoto wanaokosa nyumba sana ni wale wakubwa wa umri wa shule, ndugu watatu wanne wasiotaka kutenganishwa, na wenye maradhi au matatizo ya tabia. Tangazo la kitoto kichanga kinacheka linaleta watu wanaotaka vichanga. Ikasema pia mtafutaji bora wa walezi ni mlezi mwenyewe anayemwambia jirani yake, na majimbo yalikuwa hayamtumii ipasavyo. Ile ya pili ikasema mambo yaleyale aliyokwambia rafiki yako, kesiwoka hapatikani, huduma hazifiki, mlezi hana sauti. 2002 hiyo!

Halafu kuna utafiti wa 2007 uliotumia kumbukumbu za New Mexico, Oklahoma na Oregon, wakakuta nusu ya walezi hawafiki hata miezi 14, kuna jimbo ilikuwa kama miezi 8 tu. Sasa wewe piga hesabu, mtu anafundishwa wiki kadhaa, alama za vidole, wanakuja kukagua nyumba mpaka king'ora cha moshi na kabati la dawa, miezi inakatika kabla hajapata leseni, halafu anakaa muda mfupi anaondoka. Ni kuteka maji kwa pakacha.

Ndugu Kisu Butu kuhusu hela, una haki nusu. Serikali kuu inachangia lakini kiwango anapanga kila jimbo mwenyewe, ndio maana ukivuka mpaka tu namba inabadilika. Texas kwa mfano kwa miaka kadhaa kiwango cha chini cha kumpa mlezi wa mtoto asiye na mahitaji maalum kilikuwa dola 27.07 kwa siku. Wakati huohuo Wizara ya Kilimo ilikuwa imekadiria kwamba familia ya kipato cha kati inatumia kama dola 12,980 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, hesabu za 2015, igawe kwa siku uone, ni zaidi ya dola 35. Kwa hiyo mlezi anatoa mfukoni. Hiyo posho haikatwi kodi, sawa, lakini haijazi pengo. Kupandisha posho kunasaidia hasa mtu wa kipato kidogo asitoke kwa sababu ya madeni. Ila niliowaona wakirudisha leseni wengi hawakutaja hela kwanza. Walitaja kudharauliwa.

Sasa sera inayofanya kazi ni ipi. Kwanza wahesabu kitu sahihi. Oklahoma walishtakiwa mahakama ya shirikisho mwaka 2008 kwa jinsi walivyowatunza watoto wa fosta, kesi ikaisha kwa makubaliano 2012, ukaja mpango wa marekebisho wanaouita Pinnacle Plan. Ninachokipenda pale ni kwamba jimbo halikuruhusiwa kujisifu na nyumba mpya tu, waangalizi walitazama pia ongezeko halisi, yaani chukua zilizofunguliwa toa zilizofungwa. Mkurugenzi akijua atapimwa kwa zilizofungwa ataanza kuuliza kwa nini zimefungwa. Majimbo mengi bado yanakuletea gavana kwenye kamera anatangaza familia mpya mia kadhaa, makofi, na hakuna anayeuliza ngapi zimetoka kwa mlango wa nyuma.

La pili ni taarifa na heshima. Sheria ya shirikisho ya 1997, ikaongezewa nguvu 2006, inasema mlezi wa fosta lazima ajulishwe kesi ya mtoto inaposikilizwa na ana haki ya kusikilizwa na jaji. Haikufanyi kuwa mhusika wa kesi kama wazazi, lakini una haki ya kusema. Walezi wangapi wanaambiwa? Mimi nimeona wanajua tarehe ya korti kutoka kwa mtoto mwenyewe. Sheria nyingine ya 2014 ikampa mlezi uamuzi wa mambo ya kawaida ya mtoto, kulala kwa rafiki, safari ya shule, timu ya mpira, bila kusubiri saini ya kesiwoka, atumie busara ya mzazi yeyote mwangalifu. Zamani mtoto alikuwa anakosa safari kwa sababu mtu mmoja ofisini yuko likizo. Na mpaka leo kuna ofisi zinamfanya mlezi aogope hata kumpeleka mtoto bwawa la kuogelea.

La tatu ni tuhuma, hili ndilo linalovunja watu wazuri. Mtoto mwenye majeraha ya moyo akisema neno shuleni, uchunguzi unaanza, na lazima uanze kwa sababu kuna walezi wabaya kweli. Lakini mlezi anaachwa wiki nyingi hajui anatuhumiwa nini, hakuna wa kumuuliza. Tennessee wana sheria ya haki za walezi wa fosta, na wana utaratibu wa walezi wazoefu waliofundishwa kumsimamia mwenzao anapochunguzwa. Kitu kidogo kwenye bajeti, kikubwa kwa mtu anayekaa sebuleni anasubiri kugongewa mlango.

Nimechoka vidole, nitarudi.

---

Kisu_Butu

Mzee nimekuelewa ila bado nina wasiwasi na hizo posho. Ukipandisha sana si ndio unaita wale wanaojaza watoto sita nyumbani kama mradi?

---

Kesiwoka_Mstaafu

Wapo. Lakini huyo anayefanya mradi hata posho ya chini anaiweza, anawalisha watoto tambi kavu na faida inabaki. Posho ndogo inamfukuza yule anayewanunulia viatu. Cha kumzuia mtu wa mradi ni kesiwoka mwenye muda wa kufika kila mwezi akakaa na mtoto faragha, na kesiwoka mwenye mafaili mengi hana huo muda. Kwa hiyo tukisema sera ya kubakisha walezi, nusu yake ni sera ya kubakisha makesiwoka. Mlezi akibadilishiwa kesiwoka kila baada ya miezi michache anaanza kueleza hadithi ya mtoto upya, mpaka unafika wakati yeye ndiye anamfundisha ofisa kesi.

---

Baba_Furaha_GR

Habarini ndugu zangu. Mimi Mkongomani ila nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, sasa niko Grand Rapids, Michigan. Mama Junior uliuliza kama kuna Mswahili aliyedumu, mimi na mke wangu tupo.

Sisi tuliingia kwa mlango mwingine kidogo, ile programu ya watoto wakimbizi wanaokuja bila wazazi. Ilianza miaka ya mwisho ya 1970 kwa ajili ya watoto wa Vietnam na nchi za kule, baadaye wakaja wa kila mahali, na Wakongomani nao. Wanatafuta familia inayojua lugha ya mtoto, wakishindwa wanampeleka kwa Mzungu mwenye moyo mzuri, na wako wengi wazuri sana sikatai. Ila fikiria kijana wa miaka kumi na tano amezaliwa kambini, anafika usiku theluji imejaa, anafunguliwa mlango na mtu anayemwambia karibu baba, ingia, kuna ugali na dagaa. Wetu alikaa amesimama mlangoni na koti, hataki kukaa, akala amesimama. Asubuhi mke wangu anatandika kitanda anakuta mkate umefungwa kwenye soksi chini ya mto. Hatukumwambia kitu, tuliweka tu kikapu cha mkate chumbani kwake tukamwambia hiki ni chako. Aliacha kuficha mwenyewe.

Kwa nini tumedumu, nitasema ukweli sio kwamba sisi ni watu wazuri kuliko rafiki yako. Ajensi yetu ina mtu anapokea simu usiku. Anapokea kweli, sio rekodi. Kila mwezi walezi tunakutana, watoto wanalindwa chumba kingine, tunakula, tunapiga domo, mtu analalamika mpaka basi, unagundua mtoto wa mwenzio naye anavunja simu anarusha sahani na wewe unapumua. Na tukichoka kuna familia nyingine yenye leseni inamchukua kijana wikiendi moja, mimi na mama tunalala. Mwanzo niliona aibu, kwetu unampaje mtu mtoto wako ili ulale? Sasa naona bila hiyo tungeshaacha.

Jambo moja la huzuni, tangu Januari 2025 mapokezi ya wakimbizi yaliposimamishwa kumekuwa kimya upande wetu. Familia zilizofundishwa zikikaa bila kuitwa zinapoa, leseni inaisha, hazirudii tena. Kuipata familia nyingine inayoongea Kiswahili na yenye leseni sio kazi ya siku moja, wakubwa wanaofunga na kufungua hawalioni hilo.

---

Ummu_Nasra614

Assalaam alaykum. Shukran Baba Furaha, umeniliza na huo mkate. Mimi nina swali la haraka, sisi Waislamu, nyumba yetu haiingii nguruwe wala pombe, je nikiletewa mtoto asiye Muislamu nitalazimishwa kumpikia? Na akitaka kanisani? Maana wenzangu msikitini wanaogopa hilo tu, wangejiandikisha wengi.

---

Kesiwoka_Mstaafu

Wa alaykum salaam dada. Chakula cha nyumbani kwako ni chako, sijawahi kuona leseni imekataliwa kwa sababu friji haina nyama ya nguruwe, ila mtoto akila kwingine usimfanye ajione mchafu. Ibada, mtoto ana dini yake au ya wazazi wake na huruhusiwi kumbadili, akitaka kanisani upange nani atampeleka. Sema haya mapema kwenye mahojiano ili wakuchagulie mtoto anayeendana na nyumba yako.

Na waambie wenzako msikitini kwamba sheria ya 1994 inayataka majimbo yatafute walezi wanaofanana na asili za watoto walio kwenye mfumo. Kwa hiyo ofisi kuja msikitini sio hisani, ni wajibu wao. Ila hiyohiyo, na marekebisho ya 1996, inakataza mtoto kucheleweshwa kupata nyumba eti mpaka apatikane mlezi wa rangi yake.

---

Njeri_wa_Ruiru

Mimi niko nyumbani Kenya nasoma tu hapa nikiona kesho yetu. Sisi tumepata Sheria ya Watoto ya 2022, hata kafala ya Waislamu, ile ya kumlea mtoto wa mwingine bila kumbadilisha ukoo, imetambuliwa ndani, na kuna mkakati wa kitaifa wa 2022 mpaka 2032 wa kutoa watoto kwa mahomu za watoto wapelekwe kwa familia. Iko poa kwa karatasi. Lakini nikisoma hii thredi naona tutaanza na mabango tu kama hao wenzetu, halafu mama wa kijiji akipewa mtoto hakuna ofisa wa watoto atamtembelea maana ofisa ni mmoja na pikipiki haina mafuta.

---

Mwana_wa_Bibi

Mbona hamtaji mabibi? Mimi nimelelewa na bibi yangu hukuhuku Marekani, mama yangu aliponyang'anywa mimi nikiwa mdogo. Bibi alinyimwa leseni kwa sababu ya vyumba, tulikuwa tunalala wawili na binamu, kwa hiyo akanilea bila posho ya fosta wakati jirani asiyenijua angelipwa. Alikuwa anafanya usafi hotelini mpaka magoti yakagoma. Kila nikiona tangazo la "tunatafuta familia" nacheka, familia ilikuwepo pale pale inapiga magoti kudeki sakafu.

---

Kesiwoka_Mstaafu

Pole sana kijana, na umegusa penyewe. Mahakama ya Juu ya nchi hii ilishasema mwaka 1979 kwamba ndugu anayetimiza masharti ya leseni asinyimwe malipo ya shirikisho eti kwa sababu ni ndugu. Tatizo likabaki kwenye masharti yenyewe, vyumba, madirisha, ukubwa wa kitanda, yalitungwa kwa ajili ya wageni. Mwezi wa tisa 2023 ndio serikali kuu imetoa kanuni inayoruhusu jimbo kuweka viwango tofauti kwa ndugu, vyepesi zaidi visivyogusa usalama, na wakishapewa leseni walipwe sawa na wengine. Nimesema inaruhusu, hailazimishi, kwa hiyo ukitaka kujua jimbo lako lina akili au halina angalia kama limeichukua.

Kwa hesabu, karibu theluthi ya watoto walio fosta nchi hii wanakaa na ndugu. Ukiwapa ndugu njia, unapunguza hata hiyo foleni ya kutafuta wageni, na wageni wachache waliobaki unaweza kuwahudumia vizuri.

---

Mama_Junior_wa_Tabora

Jamani asanteni mno, sikutegemea. Mwana wa Bibi pole baba, umenichoma. Mzee wa Mombasa Mungu akuweke.

Nimeongea na mume wangu jana akiwa barabarani, kasema twende kwenye kile kikao cha maelezo lakini tusisaini siku hiyo. Nimeandika maswali kwenye daftari: nani anapokea simu usiku na jina lake nani, wikiendi ya mapumziko inaombwaje na inalipwa na nani, deikea (pa kumwacha mtoto mchana) wanalipa au nalipa mimi maana shifti yangu ya usiku lazima nilale mchana, na familia ngapi zilifunga mwaka jana. Hilo la mwisho mume wangu anasema watanichukia.

Halafu ingine ndogo, nina binti wa miaka kumi na mmoja, chumba kilicho tupu kipo karibu na chake, wanaruhusu mtoto wa kiume?

---

Kesiwoka_Mstaafu

Vyumba tofauti ni sawa, wanachokataza ni kulala chumba kimoja jinsia tofauti wakishavuka umri fulani, umri wenyewe kila jimbo lina wake. Ila na binti yako mmoja nyumbani, kwa mara ya kwanza mimi ningeomba msichana, tena mdogo kuliko yeye, ili asipokonywe nafasi ya ukubwa aliyoipata juzi kaka yake alipoenda chuo. Una haki ya kusema umri na jinsia unayoweza, na una haki ya kukataa simu ya saa tano usiku ikiwa mtoto wanayemleta sio uliyekubaliana. Watakubembeleza. Uliza kwanza: ana dawa gani, ana mzio gani, ana ndugu yuko wapi, lini aliona mama yake. Wasipojua, waambie wampigie huyo mama kwa simu hapohapo, mara nyingi anajua kila kitu na hakuna aliyemuuliza.

Na hilo swali la familia zilizofunga liulize mbele ya watu wote.